Programu Moja, Mifumo Mingi: Namna ya Kuifanya Programu ya Kompyuta Ifuate Desturi za Mwenyeji

Kompyuta za mezani zitumikazo mashuleni na maofisini haziendeshwi na mfumo mmoja. Nyingi huendeshwa na Windows ya kampuni ya Microsoft. Nyingine ni Macintosh za kampuni ya Apple, ambazo mfumo wake huitwa macOS. Na nyingine hutumia Linux, mfumo ambao mtu anaweza kuuchukua na kuutumia bila kuulipia. Mtu aandikaye programu, tuseme ya kutunza alama za wanafunzi, angependa kuiandika mara moja tu na kuitumia katika mifumo yote mitatu.

Jambo hilo lawezekana, na limewezekana kwa zaidi ya miaka thelathini. Lakini programu ifanyayo kazi katika mifumo mitatu si lazima iwe programu ijuayo kukaa katika mifumo hiyo. Yaweza kuwa kama mgeni aingiaye sebuleni mwa watu na viatu vyake miguuni: hakuiba kitu wala hakumtukana mtu, lakini kila mmoja ametambua kwamba si wa pale.

Katika somo hili tutaeleza tofauti hizo zimetoka wapi, waandishi wa programu wametumia njia gani kuzishughulikia, na kila njia ina gharama gani. Tutaonyesha pia kwamba jambo hili si la urembo tu. Linahusu kazi ya mtu kuhifadhiwa au kupotea, na mtu asiyeona kukaribishwa au kufungiwa nje.

1. Asili ya tofauti

Wazo la kuweka madirisha, menyu na vitufe juu ya skrini lilikuzwa katika maabara ya kampuni ya Xerox huko Palo Alto, California, ambako kompyuta iitwayo Alto ilitengenezwa mwaka 1973. Wazo hilo lilienea, lakini kila aliyelichukua alilijengea nyumba yake. Apple ilitoa Macintosh mwezi Januari 1984. Microsoft ilitoa Windows ya kwanza mwezi Novemba 1985. Mwaka 1984, katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, ulianzishwa mfumo wa madirisha uitwao X, ambao baadaye ulitumika sana katika Unix na Linux.

Nyumba hizi zilitofautiana hata katika namna ya kutunga sheria. Apple iliandika kanuni za namna programu inavyopaswa kuonekana na kutenda, ikawahimiza waandishi wote wazifuate. Watunzi wa X walifanya kinyume: mfumo wao ulitoa uwezo wa kuchora dirisha, lakini haukuamuru kitufe kiwe na umbo gani wala menyu ikae wapi. Ndiyo maana hata leo Linux haina desturi moja. Watumiaji wa mazingira ya KDE, yaliyoanzishwa mwaka 1996, wana mazoea yao. Na wale wa GNOME, yaliyoanzishwa mwaka 1997, wana yao.

2. Sura na mwenendo

Tunaposema kwamba programu ni mwenyeji katika mfumo fulani, tunasema mambo mawili ambayo yafaa kutenganishwa, yaani sura na mwenendo.

Sura ni yale yaonekanayo kabla ya mtu kugusa kitu: rangi, umbo la vitufe, mahali pa alama za dirisha, na aina ya herufi. Katika Windows alama ya kufungia dirisha iko pembeni kulia. Katika Macintosh iko kushoto. Tangu Windows Vista, iliyotolewa kwa umma mwaka 2007, maandishi ya vitufe na menyu za Windows huandikwa kwa herufi za aina iitwayo Segoe UI. Macintosh, tangu mwaka 2015, hutumia zile ziitwazo San Francisco.

Mwenendo ni yale yatokeayo mtu anapogusa. Hapa tofauti ni nyingi zaidi, na hazionekani katika picha. Tuangalie nne. (Katika makala haya “kitufe” ni kile kilichochorwa kwenye skrini, na “kibonye” ni kile cha kibodi.)

(a) Menyu. Katika Windows kila dirisha hubeba upau wake wa menyu. Katika Macintosh upau ni mmoja tu, juu kabisa ya skrini, nao hubadilika kwa kufuata programu inayotumika wakati huo.

(b) Vibonye vya amri. Kunakili katika Windows ni kushika Control na kubonyeza C. Katika Macintosh ni Command na C. Kibonye cha Home humpeleka mtumiaji wa Windows mwanzo wa mstari; katika Macintosh, kwa kawaida humwonyesha mwanzo wa waraka mzima.

(c) Kufunga. Katika Windows, aghalabu, kufunga dirisha la mwisho ni kuizima programu. Katika Macintosh programu nyingi huendelea kuwa macho hata baada ya madirisha yote kufungwa.

(d) Mpangilio wa vitufe. Chukua kidirisha kiulizacho kama mtu anataka kuhifadhi kazi yake kabla ya kufunga. Kwa desturi ya Windows vitufe hupangwa kutoka kushoto hivi: Hifadhi, Usihifadhi, Ghairi. Kwa desturi iliyodumu miaka mingi katika Macintosh, mpangilio ulikuwa: Usihifadhi, Ghairi, Hifadhi.

Hebu tulitazame jambo hili la mwisho kwa makini. Fikiri kwamba mwandishi aliyezoea Macintosh ameipeleka programu yake ya alama kwenye Windows bila kuubadili mpangilio huo. Mwalimu aliyekutana na kidirisha cha namna hiyo mara elfu hasomi tena maneno yake. Mkono wake huenda wenyewe kwenye kitufe cha kwanza kushoto. Anabofya, na alama alizoingiza mchana kutwa zimepotea. Programu haikuwa na kosa la hesabu hata moja. Kila kitufe kilitenda kile kilichoandikwa juu yake. Hata hivyo hasara imetokea, na haitakuwa haki kusema kwamba mwalimu ndiye mzembe. Mazoea ya mkono ni elimu aliyoipata kwa muda mrefu, na programu imeigeuza elimu hiyo kuwa mtego.

Basi tushike kanuni hii: sura isiyolingana huudhi jicho, lakini mwenendo usiolingana huponza mkono. Mwandishi mwenye muda mfupi na aanze na mwenendo.

3. Njia tatu

Waandishi wachache huchora kila kitufe kuanzia mwanzo. Wengi hutumia mkusanyo wa maelekezo yaliyokwisha kuandikwa na wengine, ambao hapa tutauita sanduku la zana. Masanduku yatumikayo katika mifumo mingi yaweza kugawanywa katika makundi matatu.

Kuazima vya mwenyeji. Katika njia hii, programu inapohitaji kitufe, sanduku la zana hugeukia mfumo uliopo na kuuomba: “Nipe kitufe chako.” Katika Windows hupewa cha Windows, na katika Macintosh cha Macintosh. Mfano wa siku nyingi ni wxWidgets, iliyoanzishwa mwaka 1992 na Julian Smart katika Chuo Kikuu cha Edinburgh. Lugha ya Java, ilipotolewa rasmi mwaka 1996, ilikuja na sanduku liitwalo AWT lililofuata njia hiyohiyo.

Faida yake ni kubwa. Kitufe ni cha mwenyeji kwa sura na kwa mwenendo pia, na mfumo ukibadili mtindo wake, mara nyingi programu hubadilika pamoja nao bila mwandishi kuandika neno jipya. Lakini gharama ipo. Sanduku likitaka kuahidi kwamba kila zana itapatikana kila mahali, litabaki na zile tu ambazo mifumo yote inazo. AWT haikuwa na zana ya kuchora jedwali wala ya kuonyesha orodha yenye matawi, vitu vinavyohitajika katika karibu kila programu ya ofisi.

Kuchora mwenyewe. Katika njia ya pili, sanduku la zana huuomba mfumo dirisha tupu tu, kisha huchora kila kitu ndani yake. Kwa sababu ya upungufu wa AWT, Java iliongezewa sanduku la namna hii liitwalo Swing, ambalo likawa sehemu yake ya kawaida mwezi Desemba 1998. Mwandishi alipata majedwali, matawi na mengineyo, yakiwa sawa katika kila mfumo. Lakini usawa huo ndio uliokuwa lawama yake: sura yake ya kawaida haikufanana na Windows wala Macintosh. Sura za kuiga ziliongezwa, na hapo likaonekana tatizo la kila mwigaji, yaani anayeigwa hakai mahali pamoja. Aliyeiga vitufe vya Windows XP ya mwaka 2001 alijikuta amepitwa na Vista mwaka 2007, kisha na Windows 8 mwaka 2012.

Kati ya njia hizi mbili wamo waliotafuta mapatano. Qt, sanduku kutoka Norwei lililotolewa kwa umma mwaka 1995, huchora lenyewe, lakini katika Windows na Macintosh huuuliza mfumo namna ya kuchora kila kitu. Kampuni ya IBM nayo, ilipotayarisha programu iitwayo Eclipse mwaka 2001, ilitengeneza sanduku la SWT: huazima pale mwenyeji anapokuwa na zana, na huchora pale asipokuwa nayo.

Kuja na kivinjari. Njia ya tatu ni kuiandika programu kama kurasa za intaneti, kisha kuifunga pamoja na kivinjari kizima ili ionekane kama programu ya kawaida. Sanduku maarufu la njia hii ni Electron, lililoanzishwa na kampuni ya GitHub mwaka 2013 kwa ajili ya programu yake ya Atom. Ndani yake mna Chromium, kivinjari ambacho Google Chrome imejengwa juu yake. Kazi humalizika upesi, kwa kuwa wajuao kuandika kurasa za intaneti ni wengi. Gharama yake ni uzito: kila programu hubeba kivinjari chake, na hata iliyo ndogo yaweza kuzidi megabaiti 100. Katika shule yenye kompyuta kuukuu, programu tatu za namna hii zikifunguliwa pamoja, mwalimu atauona uzito huo bila kuambiwa. Aidha, kurasa za intaneti hazina desturi za mfumo wowote. Kila desturi mwandishi hana budi kuirudisha kwa mkono.

4. Mifano miwili kutoka historia

Mwaka 1994 Microsoft ilitoa Word 6.0 kwa ajili ya Macintosh. Ili kuokoa kazi, programu hiyo ilitokana na maelekezo yaleyale ya Word ya Windows. Kwa hesabu ya mhandisi huo ulikuwa uamuzi wa busara. Kwa mtumiaji wa Macintosh ilikuwa programu nzito, ya polepole, yenye menyu na vidirisha vya mtindo wa Windows, na malalamiko yalikuwa makubwa. Mwaka 1997 Microsoft iliunda idara maalumu ya Macintosh, na toleo la mwaka 1998 likatengenezwa kwa kufuata desturi za mfumo huo. Tuangalie kwamba waliolalamika hawakusema programu ilikosa uwezo. Walisema haikuwa ya kwao.

Mfano wa pili una uhusiano na lugha yetu. OpenOffice.org ni programu ya ofisi iliyotokana na kazi ya kampuni ya Star Division ya Ujerumani. Sun Microsystems iliinunua kampuni hiyo mwaka 1999, na mwaka uliofuata ikayaweka maelekezo ya programu wazi kwa watu wote. Kwa sababu ya uwazi huo, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliweza kutoa toleo la Kiswahili, Jambo OpenOffice, mwezi Desemba 2004.

Katika Macintosh, hata hivyo, OpenOffice.org ilikaa miaka mingi kama mgeni. Iliweza kutumika kwa kupitia mfumo wa X tu. Upau wa menyu ulikaa ndani ya dirisha, na amri zilitaka Control badala ya Command. Kila kazi ilifanyika, na kila kazi ilikwaza. Ni toleo la 3.0, la mwezi Oktoba 2008, lililokuwa la kwanza kutolewa na mradi huo likitumia madirisha na menyu za Macintosh zenyewe. Kufanya kazi katika mfumo na kuwa mwenyeji wa mfumo ni hatua mbili, na hatua ya pili yaweza kuchukua miaka.

5. Taja kusudi, usitaje umbo

Je, mwandishi afanye nini ili asiandike programu tatu? Jibu lililopatikana kwa uzoefu ni hili: auambie mfumo anachokusudia, auachie umbo lake.

Turudi kwenye vitufe vya kidirisha. Mwandishi asiseme, “Weka Ghairi kulia.” Aseme, “Hiki ni kitufe cha kukubali, hiki ni cha kughairi, na hiki ni cha kutupa kazi.” Sanduku la zana kama Qt au wxWidgets likiambiwa hivyo, huvipanga vitufe lenyewe kwa desturi ya mfumo uliopo. Mtego tuliouona katika sehemu ya pili hautegwi tena.

Kadhalika kwa vibonye: mwandishi aagize “amri ya kunakili”, si “Control na C”. Kadhalika kwa rangi. Tangu mwaka 2018 Macintosh humruhusu mtumiaji kuchagua sura ya giza, na Windows 10 ilikuwa imekwisha kutoa uwezo kama huo. Mwandishi aliyeagiza “maandishi meusi” huku akiuachia mfumo kuchagua rangi ya nyuma atampa mtumiaji huyo maandishi meusi juu ya weusi. Aliyeagiza “rangi ya maandishi ya mfumo” hatapata shida.

Na kwa vipimo ni vivyo hivyo. Mwandishi anayeamuru kitufe kiwe na upana wa nukta 60 amesahau kwamba herufi za kila mfumo zina upana wake. Amesahau pia wafasiri: neno lililotosha kwa Kiingereza laweza kukatwa mkia likifasiriwa kwa Kiswahili, na “Mipangilio” kusomeka “Mipang”. Afadhali aseme, “Kitufe kitoshee maneno yake,” na kuviacha vitu vijinyooshe. Hapa programu iliyoandikwa vizuri kwa mifumo mingi huwa imeandikwa vizuri kwa lugha nyingi pia.

6. Mtumiaji asiyeona

Mpaka hapa tumezungumza juu ya jicho na mkono. Wako watumiaji ambao kwao kitufe hakina sura kabisa. Wao hutumia kisoma skrini, yaani programu itamkayo kwa sauti yaliyomo kwenye skrini. Macintosh ina VoiceOver tangu mwaka 2005. Windows ina Narrator, na pia NVDA, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006, ambayo hutolewa bure. Linux ina Orca.

Kisoma skrini cha namna hii hakitegemei picha. Huuliza mfumo: kuna vitu gani katika dirisha hili? Kila kitu hujibu kwa jina, aina na hali yake: “Hifadhi, kitufe, kinaweza kubonyezwa.” Kitufe kilichoazimwa kwa mwenyeji huja na majibu hayo tayari. Kitufe kilichochorwa na programu yenyewe ni nukta za rangi tu; mwandishi wa sanduku la zana asipoyaandika majibu hayo kwa makusudi, kisoma skrini hukuta dirisha tupu. Kwa muda mrefu programu za Swing katika Windows zilihitaji daraja maalumu lililowekwa kando ili visoma skrini vizielewe.

Hiki ndicho kipimo kikali kuliko vyote. Programu yaweza kufanana na mwenyeji kwa rangi na herufi mpaka mtaalamu akadanganyika, na bado ikawa bubu mbele ya mwanafunzi asiyeona. Hapo kilichoigwa ni ngozi tu.

7. Jaribio la darasani

Jaribio hili lahitaji kompyuta yenye lugha ya Python pamoja na sanduku lake la Tkinter. Ndani ya Tkinter mna aina mbili za vitufe: vya zamani, na vipya vilivyomo katika sehemu iitwayo ttk.

Andika programu fupi yenye dirisha moja na vitufe viwili vyenye neno “Hifadhi”, kimoja cha kila aina. Ifungue katika Windows, kisha, ikiwezekana, katika Linux. Vilinganishe na vitufe vya programu nyingine zilizo kwenye skrini. Katika Windows utaona kitufe cha ttk kikikaribia zaidi sura ya mfumo, kwa kuwa huuliza mfumo namna ya kujichora. Katika Linux hujichora chenyewe. Mwisho, washa kisoma skrini, pita juu ya vitufe kwa kibonye cha Tab, na uandike hasa kilichotamkwa kwa kila kimoja.

8. Hitimisho

Isidhaniwe kwamba kila programu haina budi kufanana na nyingine zote. Programu ya kuchorea ramani au kutunga muziki ina uwanja wake wa kazi, na ndani ya uwanja huo ni huru kubuni. Lakini milango ni ya nyumba: kufungua, kuhifadhi, kunakili, kuchapisha, kughairi, kufunga. Hapo mtumiaji anakuja na elimu aliyokwisha kuipata kwingine, na wajibu wa mwandishi ni kuiheshimu elimu hiyo.

Maswali

1. Eleza tofauti kati ya sura na mwenendo wa programu. Toa mifano miwili ya kila kimoja kutoka kompyuta uliyowahi kuitumia.

2. Programu iliyoazima vitufe vya mfumo na programu iliyovichora yenyewe zimetumika miaka kumi bila kubadilishwa. Ipi itaonekana kuwa ya zamani, na kwa nini?

3. Mwandishi ameamuru rangi ya nyuma iwe nyeupe, lakini rangi ya maandishi ameiachia mfumo. Eleza yatakayompata mtumiaji aliyechagua sura ya giza.

4. Shule ina kompyuta kumi kuukuu za Linux, na mmoja wa walimu wake haoni. Kati ya njia tatu tulizozieleza, ungeshauri ipi kwa programu ya kutunza alama? Toa sababu, na utaje gharama ya njia uliyoichagua.